Mdudu mpya wa Mufindi na lebo niliyoiandika kwa kubahatisha

Wakuu, amani iwe kwenu.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikilala vipande vipande kwa sababu ya swali moja: yule mdudu nilimtoa msituni, au nilimtoa kwenye mipaina?

Najua linachekesha. Ngoja niwape mkasa wote, halafu mcheke mkiwa mnajua mnachocheka. Sijaongeza chumvi. Nilichoondoa ni majina ya watu na la kijiji, maana wahusika wapo na wengine wanapita humu.

Mimi ni graduate, nilisomea wadudu. Ajira hakuna, nikaja Mbeya kukaa kwa shangazi, nikawa najitolea kwa mtafiti mmoja nitakayemwita Dokta. Ni mama wa makamo, mpole, ila akikunja uso unajiona umefeli maisha.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta wadudu wa udongoni, kundi linaloitwa springtail. Jina lake la Kiswahili sijawahi kulipata, mwenye nalo atupe.

Ni wadogo kama punje ya chumvi, hawana mabawa, na chini ya tumbo wana kitu kama mkia uliokunjwa. Ukiwagusa, mkia unafyatuka na mdudu anarukia asikokujua mtu. Umeshawakanyaga maelfu ukipita kwenye majani yaliyooza. Wao ndio wanaosaidia majani hayo kugeuka udongo.

Mwaka jana nilitumwa peke yangu kwenye kijiji kimoja cha Mufindi, mbele ya Mafinga.

Kule vilima vyote ni mipaina mitupu, miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Lakini kwenye bonde moja kimebaki kipande cha msitu wa asili, kwa sababu ndani yake kuna makaburi ya ukoo. Huingii na jembe bila mtu wa ukoo kuwa nawe. Mimi nilisindikizwa na mama mmoja wa ukoo huo nitakayemwita Mama Neema, ambaye pia ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kila nilipochota udongo alikuwa nyuma yangu.

"Fukia vizuri baba. Hapa pana wenyewe, wasije wakauliza nani kaleta fuko."

Nikajaza mfuko mmoja msituni, na mwingine chini ya mipaina iliyopakana na msitu.

Mbeya tunafanya hivi: unakata chupa ya maji, unaigeuza kichwa chini, unaweka udongo ndani, juu unawasha taa. Udongo unakauka kuanzia juu, wadudu wanakimbilia chini, wanaangukia kwenye kichupa chenye spiriti. Humo humo unatumbukiza kikaratasi kinachosema wametoka wapi.

Kikaratasi hicho huandikwa kwa penseli. Tunafundishwa siku ya kwanza kabisa.

Siku ile penseli yangu ilivunjika ncha, kichongeo sikukiona, nikachukua biro. Nikajiambia nitabadilisha kesho.

Kesho yake nilikuta vichupa viwili vya spiriti ya bluu, na vikaratasi viwili vyeupe pe. Wino wote ulikuwa umeyeyuka.

Biro ilikuwa uzembe. Kosa lenyewe ndilo hili linalofuata.

Kichupa kimoja kilikuwa na wadudu wengi, kingine wachache. Nikawaza, msitu wa asili lazima ndio wenye wengi. Nikachonga penseli, nikaandika MSITU kwenye chenye wengi, MIPAINA kwenye chenye wachache. Sikumwambia mtu.

Miezi ikapita.

Kwenye kile chenye wengi tukamkuta mdudu asiyefanana na yeyote. Dokta akanifundisha kuhesabu vinywele vyake kwa hadubini, macho ya kila upande wa kichwa, umbo la kucha. Nililipenda sana hilo, sijui niseme vipi. Tukalinganisha na maandiko yaliyopo, tukatuma picha kwa bingwa mmoja wa nje, akajibu kwamba hajawahi kumwona.

Spishi mpya, wakuu. Na jina langu likawa la pili kwenye makala ya kisayansi tuliyoandika, baada ya la Dokta.

Shangazi anauza viungo sokoni, ana macho makali. Nilimpelekea mmoja kwenye kichupa.

"Huyu ndiye aliyekuzuia kuomba kazi benki? Mbona kama takataka ya ungani?"

"Shangazi, ni mpya duniani."

"Mpya kwenu. Mwenyewe anajijua siku zote."

Sasa makala ilikuwa na sentensi moja inayosema mdudu huyu anaishi kwenye msitu wa asili pekee, na kwenye mipaina ya jirani hayupo. Dokta akampigia Mama Neema kumpa habari. Mama Neema akafurahi mno, kwa sababu kijiji kilikuwa na mkutano unaokuja, wa kuamua kama lile bonde lisafishwe lipandwe miti ya mbao. Akaomba nakala asimame nayo mkutanoni.

Hapo ndipo usingizi ulipoondoka.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Narudi kuangalia kama nimefunga mlango. Nikituma ujumbe nausoma upya nikitafuta nilipokosa adabu. Kwa hiyo hofu hii ilipokuja, nikaipanga foleni na zile nyingine. Rafiki niliyemgusia akanijibu, "Kaka, una overthinking, kanywe chai."

Nikanywa. Haikusaidia.

Aliyenifungua ni shangazi. Jioni moja tulikuwa tunachambua iliki, nikamwaga yote. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mlango leo umeufunga?"

"Nimeufunga."

"Umeangalia mara ngapi?"

"Tatu."

"Na hicho kichupa?"

Nikaendelea kuchambua iliki.

"Basi mwanangu, huo si wasiwasi. Huo ni uongo, unakuwasha."

Asubuhi nikaenda kwa Dokta. Makala ilikuwa itumwe Ijumaa, siku mbili mbele. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu inatumwa Ijumaa."

"Kwa hiyo ningeituma wiki iliyopita, usingeniambia."



Akavaa miwani. "Haitumwi. Kachimbe upya. Mifuko kumi kila upande. Na ukamwambie yule mama wewe mwenyewe, mimi sipigi simu hiyo."

Kesho yake nikapanda basi hadi Mafinga, kisha bodaboda. Mama Neema alinipokea kwa kicheko. "Umewafuata ndugu zako?"

Nikamweleza pale pale, kabla ya kugusa udongo. Kicheko kikaisha.

"Mkutano ni wiki ijayo. Mimi nimeshawatangazia watu."

"Najua mama. Nisamehe."

Akaingia ndani, akatoka na jembe lake. "Twende, ukungu unashuka."

Tulichimba kutwa nzima. Kila mfuko niliuandikia kikaratasi hapo hapo, na Mama Neema akawa anakisoma kwa sauti kabla sijafunga.

Majibu: msituni mdudu wetu alikuwemo kwenye mifuko tisa kati ya kumi. Kwenye mipaina alikuwemo kwenye mitatu, yote ya karibu kabisa na mpaka.

Kwa hiyo hadi leo sijui kile kichupa cha kwanza kilitoka wapi. Kinaweza kuwa kimetoka upande wowote. Na ile "pekee" haikuwa kweli.

Nilimpigia Mama Neema mimi mwenyewe.

"Kumbe wanatembea?" akasema.

"Hilo sijalipima, mama."

"Kuku wangu siku nyingine hulala kwa jirani. Na ni wangu."

"Mama, siwezi kuliandika hilo."

"Usiandike. Wewe andika ulichoona. La kuku nitalisema mimi mkutanoni."

Akalisema. Naambiwa watu walicheka, ila bonde halijaamuliwa bado, wameunda kamati ya kwenda kuliangalia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa mtu wa hofu nyingi, ile moja ya kweli inajificha katikati ya zile za bure, na wewe mwenyewe unaisaidia kujificha. Siku hizi hofu ikija naiuliza: kuna kitu naweza kwenda kukiangalia? Kama kipo, naenda. Kama hakipo, hapo ndipo nanywa chai.

Waliowahi kukiri kosa kazini kabla ya kukamatwa, tuambieni ilikuwaje. Na wa kunisema semeni tu, nitasoma zote, mnanijua.

Makala imetumwa juzi. Sentensi ya "pekee" tumeifuta, na vielelezo vyote vya spishi hii ni vya mifuko mipya. Mahali pake nimeandika kwamba sampuli ya kwanza imewekwa kando kwa kuwa ilipoteza lebo kwa uzembe wa mkusanyaji.

Dokta aliniambia si lazima kuandika "uzembe".

Nimeliacha neno hilo.