Nilimulilia Papa Bauma Angali Muzima

Hii haya nimeibeba tangu wakati ya ukoloni ya Babeleji, na hata leo kuko mama mumoja wa kijiji yetu Buleusa anacheka tu akiniona. Nilikuwa kijana, nimetoka kufanya kazi Uganda, nikarudia na Kiingereza kidogo (kidogo kweli, ya kupokea amri: leta, beba, vuta, toka), na nilitaka kuoa Furaha, binti ya Papa Bauma, mulimaji wa maharagi, lakini ule muzee alisema kinywa yangu iko kubwa kupita shamba yangu.

Sasa Papa Bauma akashikwa na ugonjwa ya mapafu, tukamubeba na kipoyo, kile kitanda ya kubeba na mabega, mpaka misioni, kwa mademoiselle Mwingereza, muganga mugeni asiyejua bado Kiswahili, na mutafsiri wake alikuwa ameenda Mpofi.

"Nani atatuambia anasema nini?" mama ya Furaha akauliza.

Mimi, juu Furaha alikuwa ananiangalia, nikajibu: "Niko hapa, Mama."

Mademoiselle akatoka mu chumba, akapangusa jasho, akasema: "He'll pull through." Pull niliijua vizuri, njo kuvuta, nilivuta magunia ya pamba kila siku. Through nikaona iko kupita mpaka ngambo. Nikaunganisha (muone akili!), nikashusha sauti: "Mama, Papa anavutwa. Anapita ngambo."

Mama akaanguka chini, Furaha akapiga kelele, ndugu zake wakakimbia kutafuta majembe ya kuchimba kaburi, na mimi, juu ya kuonekana mukwe muzuri, nikavua kofia, machozi inatoka, nikaanzisha wimbo ya mazishi, wote wakaitikia, mademoiselle anabaki kutuangalia mudomo wazi.

Hatukuufikisha mwisho. Sauti ikatoka mu dirisha, na kikohozi ndani:

"Nani amekufa?"

Mama akaingia mbio, tukamusikia analia na kucheka pamoja. Mademoiselle njo akanionyesha kwa mikono: akainamisha kichwa kama mugonjwa, akafumba macho, kisha akasimama wima. Kumbe ile neno inasema muntu atapona! Nikaketi mu matope, na sikujali tena haya, nilisema tu Mungu asante, asante (juu angekufa kweli nyuma ya ile wimbo, wangesema nimemuloga).

Alipopata nguvu, Papa Bauma akaniita.

"Furaha nitakupa," akasema, "juu nilisikia unavyonililia, na kilio yako haikuwa ya bongo, ya kudanganya. Lakini siku nitakufa, muntu mwengine njo atangaze."

Nilikubali mbele amalize kusema. Na tangu pale neno nisilojua nasema siijui, hata kama mwanamuke muzuri namna gani ananiangalia.