Kinu cha Kina Mbanju

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa nyingi zimenitoka. Ilikuwa siku ya kumzika Bi Skola, mke wa mzee Fabiani Likwata, kijijini kwao karibu na mto Ruvuma. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kijana wa Songea aliyekuwa na baiskeli aliuza kitu. Mimi niliuza mitumba. Shule nilikuwa nimeiacha njiani, na kazi yoyote iliyonitaka nikae mahali pamoja niliikimbia. Nilifungua robota la nguo sokoni Lizaboni, nikachagua mashati na makoti, nikayafunga nyuma ya baiskeli na kuelekea mpakani.

Lakini usidhani nilifuata biashara. Nilifuata vita. Zamani, kabla serikali yoyote haijaufikisha mkono wake kule mtoni, koo mbili zilichinjana kwa miaka: kina Likwata na kina Mbanju. Waliibiana watu, wakachomeana maghala, wakaviziana kwenye vivuko. Habari hizo zilinishika kama homa. Mzee akinipa kisa kizuri, nilimpa shati. Nilichora kwa kijiti mavumbini: hapa palichomwa, hapa waliviziwa, huyu alimlipizia yule. Vijana wa kule waliniita Profesa, na hawakuwa wakinisifu.

"Profesa wa darasa la nne," walisema, "leo umekuja kununua maiti gani?"

Mimi nilicheka nao, nikaendelea kuuliza.

Koo hizo nilizikuta zimeshakuwa watani. Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Akifa mtu wa kina Likwata, ambao ni Wakatoliki, wanaochimba kaburi ni kina Mbanju, Waislamu wa upande wa Tunduru. Akifa Mbanju, wanachimba kina Likwata. Na mtani msibani halii. Kazi yake ni kutukana. Siku ile ya Bi Skola, kijana mmoja wa Mbanju alijifunga khanga ya marehemu akaiga alivyokuwa akitembea, kiuno upande, akifukuza kuku wa majirani. "Mzikeni na sufuria yake," alipiga kelele, "maana hata huko aendako hatamwonjesha mtu!" Binti za marehemu walikuwa wakilia, na hapo wakacheka huku machozi yanatiririka.

Kaburi lilipokwisha, mkubwa wa wachimbaji, mzee Saidi Mbanju, alikaa chini mle ndani, akaegemea udongo na kukunja mikono.

"Sitoki," akasema. "Nyie wezi, kinu chetu kiko wapi? Rudisheni kinu, ndipo mzike."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila msiba wa kina Likwata, nilikuja kujua. Mzee Fabiani akasogea ukingoni ameshika jogoo kwa miguu. "Kinu kimeliwa na mchwa, mtani. Chukua huyu."

Watu wakaanza kucheka. Nami, mwanangu, nikaona pengo katika mavumbi yangu. Vita vyote nilivijua, ila kisa cha kinu sikuwahi kukisikia. Nikainama pale ukingoni nikauliza kwa sauti, kama mtu anayeuliza bei:

"Shikamoo babu. Hicho kinu kiliibwa lini? Wakati wa kuchoma maghala, au baada yake?"

Kicheko kikakatika. Mzee Saidi hakuitikia shikamoo yangu.

Kijana aliyevaa khanga akasema, "Eti babu, hata mimi huwa najiuliza. Kinu gani?"

"Na kwa nini kila siku wezi ni sisi?" akadakia mmoja wa kina Likwata. "Mmeibiwa nini, hebu semeni leo."

"Na ninyi mbona mnalipa kama hamkuiba?" akajibu mchimbaji mmoja.

Sauti zilikuwa zimebadilika. Hakuna aliyeinua mkono, lakini niliona wachimbaji wakiyashika majembe vizuri zaidi, na vijana wa kina Likwata wakisogeleana. Jeneza lilikuwa juani. Nikamtazama mzee Fabiani. Alikuwa amemwinamia mzee Saidi, akimnyooshea jogoo tena.

Mzee Saidi alinitazama kutoka chini. Kisha akasema, polepole:

"Ni kinu cha kutwangia wapumbavu kama huyu. Ndiyo maana wamejaa, kinu hatuna!"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. "Mpeni Profesa jembe," akaendelea mzee Saidi, "mwenye maswali ndiye anayefukia." Akampokea jogoo, akatoka kaburini. Bi Skola akazikwa. Nilifukia peke yangu mpaka viganja vikachubuka, na watani wakinizomea kila nilipopumzika.

Jioni mzee Saidi aliniita tukashuka hadi mtoni. Hakunigombeza kwa ukali. Nadhani ukali ungenifaa zaidi.

"Unajua nani alichoma ghala la nani," alisema. "Umewahi kumuuliza mtu jinsi tulivyoacha?"

Sikuwahi, mwanangu. Miaka yote ile, sikuwahi.

Akanieleza. Kina Likwata walipokuja kuchoma kwa mara ya mwisho, dada wa babu yake alikuwa na kichanga. Alikilaza sakafuni, akakifunika kwa kinu, kile kikubwa cha kutwangia mahindi, kisha akakimbilia mtoni akipiga kelele ili wamfuate yeye. Walimfuata, hawakumpata. Aliporudi nyumba ilikuwa majivu. Kinu kilikuwa kizima, kimeungua nje tu. Sikumuuliza kilichokuwa chini yake.

"Baadaye akafa mkubwa wa kina Likwata," akaendelea. "Yule mama akavuka, akaingia kaburini, akakaa. Akasema, nirudishieni kinu changu. Wangemwua, lakini walijua si kinu alichokuwa akikidai. Mmoja wao akamletea jogoo. Akamtazama yule jogoo, akacheka. Hakuna ajuaye alichekea nini. Akatoka, akashika jembe, akamfukia adui yake. Tangu siku hiyo tunacheka pale alipocheka yeye. Hawa vijana usiwaambie. Wakijua, watacheka vipi?"

"Nisiseme kamwe?"

"Siku utakapoona kaburi ambalo hakuna anayekidai kinu, sema. Hapo hutakuwa umeharibu kitu."

Nikafunga mdomo. Mzee Saidi amekufa, mzee Fabiani amekufa, na nilikuwepo wakati kinu kinadaiwa kaburini kwa Fabiani. Juzi tumemzika mtoto wa Fabiani huko Ruhuwiko, mjini Songea. Kaburi lilichimbwa na vijana wa kukodi, likajengwa kwa saruji. Kina Mbanju walikuja, wakakaa kwenye viti vya plastiki na mashati yao meupe, wakatoa pole kwa adabu. Nilingoja. Nilingoja mpaka jeneza likaanza kushuka. Kisha mimi, ambaye si wa huku wala kule, nikaenda ukingoni nikasema, "Kinu chetu kiko wapi?"

Kijana mmoja akanishika kiwiko. "Mzee, njoo ukae, jua kali." Wakaniletea soda.

Basi leo nimekusimulia, kama alivyoniruhusu. Nasikia wajukuu wa koo zile wanagombea mashamba ya mtoni, na matusi wanayorushiana sasa hayana jogoo.

Mwanangu, umekuja kwangu na hamu ileile niliyokuwa nayo, unataka majina ya waliouana. Nitakupa. Lakini kwa kila ugomvi utakaouandika, kamtafute aliyeuzima, uulize ilimgharimu nini. Ukikuta watu wanacheka mahali pa kulia, usiwaulize ukweli palepale. Shika jembe kwanza, chimba nao, uulize baadaye ukiwa pembeni. Na kama kwenu bado kuna mtani, mwite wakati angali hai.

Mungu akujalie watu wa kukutukana siku ya maziko yako, mwanangu. Na akujalie, kwa upande wako, mtu wa kuwaletea jogoo.