Maziwa Yaliyopita Motoni

Jelagat alikuwa mtu wa kuchemsha. Katika hospitali ya Waafrika pale Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo, kazi yake ilikuwa mapipa yaliyokaa juu ya mawe nyuma ya wadi, na moto uliokaa chini yao kutwa nzima. Shuka zilimjia na damu, zilimjia na usaha na matapishi, naye akazisukuma majini kwa mti mrefu, akizigeuza kama mtu anayesonga ugali wa arusi. Hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mama Mapipa. Lakini akishazianika kwenye waya, zikawa nyeupe na upepo wa nyanda za juu ukizipiga, alisimama kidogo akazitazama kama mama anayetazama watoto wake waliotoka kuoga.

Mtoto wake mwenyewe, Kipyego, ndio kwanza alikuwa ameota meno mawili. Baba yake, Joseph, alikuwa amechukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, kupigana vita vya Wazungu, na habari ya mwisho ilikuwa kwamba wamevushwa bahari. Kwa hiyo kila asubuhi Jelagat alimwacha mtoto na mama mkwe wake, Kogo Jeruto. Kogo ni nyanya kwa lugha yao. Walikaa ng'ambo ya mto Sosiani, katika shamba la Kaburu mmoja, maskwota wenye nyumba moja ya nyasi na ng'ombe mmoja mwekundu. Mchana jua likisimama, Jelagat alivuka mto mbio, akanyonyesha, akarudi kwa mapipa yake.

Siku moja jua lilisimama na Jelagat hakuvuka.

Asubuhi hiyo lori lilikuwa limeleta mwanamke kutoka Turbo, Rosebella jina lake, anaungua homa na kulia maumivu ya mgongo. Walimlaza katika wadi ya wanawake wakidhani ni malaria. Jelagat alikusanya mablanketi aliyokuja nayo, akayakumbatia kifuani kama mzigo wa kuni, akaenda nayo kwa moto. Hata maji hayajachemka vizuri, dresa Wasike, msaidizi wa daktari, alitoka wadini anarudi kinyumenyume. Alikuwa ameona uso wa yule mwanamke kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndui," alisema. Neno moja tu, na kila mtu uwanjani akarudi nyuma.

Nyuma kabisa ya hospitali kulikuwa na nyumba ya mabati iliyozungushwa waya wa seng'enge. Humo waliingizwa Rosebella na kila aliyemgusa, yeye au vitu vyake. Waliomgusa waliwekwa chumba cha upande huu, mgonjwa upande ule, na askari mlangoni. Hatua kadhaa nje ya waya palikuwa na jiwe kubwa lililopakwa chokaa. Mtu wa nje mwisho wake ulikuwa jiwe lile.

"Mimi nilichanjwa zamani," Jelagat alimwambia Wasike, akimwonyesha kovu begani. "Ona. Niachilie, mtoto ananingoja."

Wasike alikuwa mtu mpole wa kutoka upande wa magharibi, mwenye sauti ya kanisani na makovu ya ndui ya utotoni usoni. "Hilo kovu limezeeka, dada. Nimekuchanja tena, sawa, lakini lazima tungoje tuone. Mwezi huu ufe, mwingine ukomae. Hapo ndio unatoka."

"Na mtoto?"

"Dawa ya kuchanja imeisha, nyingine inakuja na treni. Ikifika, huyo wa kwanza ni yeye. Sasa shukuru Mungu hukuwa umeenda nyumbani."

Jelagat hakushukuru. Alikaa chini, akahisi maziwa yakishuka. Mtoto alikuwa na njaa ng'ambo ya mto, na mwili wake ulijua.

Aliyefungiwa naye alikuwa Musimbi, Mragoli mnene aliyefagia wadi na aliyesaidia kumlaza Rosebella, mwenye watoto wakubwa na mdomo usiojua kupumzika. Alitazama kitanda, akatazama dirisha, akatazama sahani ya uji iliyosukumwa chini ya mlango.

"Toka niolewe sijawahi kuletewa chakula," alisema. "Hii ndui ingekuja mapema."

Jelagat alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio. Musimbi alimwacha alie, akala uji wake.

Kesho yake Kogo Jeruto alikuja na mtoto mgongoni. Sauti ya Kipyego ilitangulia kabla hawajaonekana. Jelagat alikimbia hadi waya, akaushika kwa mikono miwili, na nguo yake ikalowa kifuani palepale.

"Njoo umchukue!" Kogo aliita, mguu wake tayari umepita jiwe. "Huyu askari ana mama pia. Ataangalia kando. Mara moja tu, anyonye anyamaze."

Na kweli askari alikuwa ameangalia kando. Waya ulikuwa na mwanya, mtoto angepita. Jelagat aliona mdomo wake, yale meno mawili, ulimi unaotetemeka kwa kulia. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Lakini mikono hiyo ndiyo iliyokumbatia mablanketi ya Rosebella, na kutoka upande wa pili wa nyumba Rosebella alikuwa akiomba maji kwa sauti ambayo haikuwa tena ya mtu.

"Kogo, rudi nyuma ya jiwe."

"Unasema nini?"

"Rudi! Usimlete hapa!"

Kogo alirudi. Alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekataa ndama, akageuka, akaondoka na kilio cha mtoto mgongoni. Jelagat alikisikia mpaka mtoni.

Akaja tena siku nyingine, na nyingine. Alisimama nyuma ya jiwe na kutoa habari kwa ukali, kama mtu anayedai. Mtoto amepewa maziwa ya ng'ombe kwa kidole. Mtoto ametapika. Maziwa ya ng'ombe yanapita ndani yake kama maji. Mtoto halii tena sana. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkosesha Jelagat usingizi, maana mtoto mwenye njaa asiyelia amekaribia mlango mwingine.

Na huku ndani yeye alikuwa amejaa mpaka matiti yanauma kama majipu. Aliinama nyuma ya nyumba akayakamua majanini, na siafu wakaja.

Walimpa pipa moja humo ndani, achemshe nguo zao na vyombo. Amri ilikuwa moja: kitu hakitoki boma la waya mpaka kipite motoni. Alisimama mbele ya moto ule siku hiyo, mti mkononi, akitazama vikombe vikigongana katika maji yanayotokota. Vikombe vitatoka. Sahani zitatoka. Hata kitambaa cha pua cha Musimbi kitatoka.

Wasike alipopita na dawa, alimwita kwa dirisha.

"Bwana dresa. Maziwa yangu, nikikamua kwa mkebe safi, nikachemsha, yanaweza kutoka?"

Wasike alisimama na dawa zake mkononi. "Hiyo sijaulizwa na mtu. Ngoja nimwulize Daktari." Alikwenda, akarudi anakuna shingo. "Amesema yatokote vizuri, na mkebe utokote pia. Ameuliza kwa nini sisi wote hatukufikiri jambo hilo."

Basi ruhusa ilikuwepo. Lakini Jelagat alikaa na mkebe mtupu magotini, hakukamua.

Musimbi alimtazama. "Sasa nini? Mzungu amekubali."

"Kwetu maziwa hayachemshwi."

"Ati?"

"Ukichemsha maziwa, ng'ombe aliyeyatoa anakauka. Moto unamfuata mpaka kwenye kiwele. Hata mtoto mdogo anajua."

Musimbi alipiga mapaja. "Wee! Sisi kule Maragoli tunachemsha kila siku asubuhi, tunatia na majani ya chai, na ng'ombe wetu wako wanakojoa maziwa!"

"Hao ni wenu."

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Na mimi?" Jelagat alisema polepole. "Kama ng'ombe anakauka, mimi nitabaki na nini? Nikitoka hapa nimekauka, nitamnyonyesha nini?"

Musimbi alikaa kitandani karibu naye. Alisema, si kwa ukali, "Mwanangu, hayo unayomwekea ya kesho, yeye kesho atakuwepo kuyanywa?"

Jelagat alikamua. Alipouweka mkebe juu ya moto aligeuza uso, na maziwa yalipopanda aliyasikia, hakuyaona. Alishika kifua chake kwa mkono mmoja, akingoja moto umfuate.

Wasike alitoa mkebe kwa koleo, akauweka juu ya jiwe la chokaa. Kogo Jeruto alinusa kabla hajagusa.

"Haya yamepikwa."

"Ni yangu, Kogo. Mpe."

"Umepika maziwa ya mjukuu wangu?" Sauti ilipanda. "Mke wa Joseph, umekuwa mchawi wa mwili wako mwenyewe? Joseph akirudi nimwambie nini? Nimwambie mke wako alijiweka juu ya moto kama sufuria?"

"Mwambie mtoto yuko!" Jelagat alilia kutoka kwa waya. "Mwambie hivyo, Kogo! Mwambie mtoto yuko!"

Musimbi naye akadakia kutoka dirishani, "Mama mzee, kama huyataki lete hapa, mimi ninywe na chai!"

Kogo alimtupia jicho ambalo lingemkausha ng'ombe bila moto. Lakini alikaa chini. Alimshusha mtoto mgongoni, na Jelagat kwa mara ya kwanza baada ya siku hizo zote akaona mikono ya mtoto, myembamba kama ya chura. Kogo alichovya kidole katika mkebe. Mtoto alikinyonya. Akachovya tena. Akanyonya, akashika kile kidole kwa mkono wake mwenyewe, asikiachie. Kogo hakuinua macho mpaka mkebe ulipokwisha.

Kutoka siku hiyo mkebe ulitoka asubuhi na jioni. Mtoto alishika roho. Lakini mkebe uliojaa ukawa wa nusu, na wa nusu ukawa wa kufunika tako la mkebe tu. Jelagat alikamua mpaka ngozi ikawasha. Pengine ilikuwa uji ule wa maji, pengine hofu, pengine mikono si mdomo wa mtoto. Musimbi alitaja zote hizo. Jelagat alizikubali zote kwa kichwa, na moyoni alijua ni moto.

Upande wa pili wa nyumba sauti ya Rosebella ilikoma. Walimtoa kwa machela, amefunikwa chokaa, na mablanketi yake hayakuchemshwa tena, yalichomwa.

Jioni moja katika mkebe palikuwa na matone tu. Kogo aliutazama, akautazama uso wa mkwewe ng'ambo ya waya, akaondoka. Kesho yake hakuja. Jelagat alishika waya kutoka asubuhi. Jua lilisimama, likalala, njia ya mtoni ikabaki tupu. Musimbi alimletea uji, Jelagat akaurudisha. Usiku huo Musimbi, ambaye mdomo wake haukupumzika, alilala ameupumzisha.

Siku iliyofuata Kogo alitokea peke yake. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

Jelagat alikaa chini kwenye vumbi, mikono bado iko juu kwenye waya.

"Simama," Kogo alisema. "Amelala. Ameshiba." Alitazama huku na huku kama mwizi, akasogea mpaka goti lake likagusa jiwe. "Usikamue tena. Nimechemsha."

"Umechemsha nini, Kogo?"

"Unataka nipige tarumbeta?" Akashusha sauti. "Ya ng'ombe. Usiku, watu wamelala. Jana nilikaa kutwa namwangalia kama atatapika. Hakutapika. Na dawa imefika, yule dresa wako ameshamchanja, mkono umevimba kidogo."

Jelagat alimtazama. Yule mwekundu ndiye mali yote waliyokuwa nayo. Joseph alimwacha hapo kabla ya kwenda Keya, na Kogo alimwimbia kila alipomkama.

"Na akikauka?"

Kogo alivuta shuka yake begani. "Wewe ulijikausha. Mimi nimkatalie ng'ombe?"

Mwezi mwingine ulikomaa. Jelagat hakutoka na alama yoyote, wala Musimbi. Waliogeshwa kwa maji ya dawa yenye harufu ya lami, wakavishwa nguo alizozichemsha Jelagat mwenyewe, na mlango ukafunguliwa. Musimbi alimkumbatia akasema likizo imekwisha, sasa anarudi jela. Jelagat alivuka Sosiani mbio kama zamani.

Kipyego alikuwa kwenye ngozi mlangoni, mashavu yamerudi, kovu jipya mkononi. Alimchukua. Mtoto alinusa ile harufu ya dawa, akasukuma kifua kwa mikono miwili, akamlilia nyanya yake. Jelagat alimpa titi hata hivyo. Mtoto alijaribu, akavuta, akaliachia, akalia zaidi. Hakukuwa na kitu.

Kogo alichukua kibuyu, akaenda kwa ng'ombe, na Jelagat akamfuata na mtoto begani. Kogo alichuchumaa chini ya yule mwekundu, akaosha chuchu, akatulia kidogo kabla hajavuta. Hakuimba. Jelagat alielewa kwamba hivyo ndivyo alivyokama kila siku tangu usiku ule, kwa kungoja.

Mvuto mmoja, hakuna. Mvuto wa pili, mstari mwembamba ukagonga kibuyu, kisha mwingine.

"Leo hajakauka," Kogo alisema bila kugeuka. "Washa moto."