Mama Mkwe Alipokalia Maiki ya Redio

Kuna sentensi moja ambayo mwanaume hawezi kumwambia mama mkwe wake hata akishikiwa panga. Nayo ni hii: "Mama, hebu inua paja kidogo."

Mimi ilinibidi niiseme, nikashindwa. Na wakati nashindwa, kila mwenye redio kama yangu mjini alikuwa anatusikiliza moja kwa moja.

Msicheke kwanza. Ngojeni nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa friji. Kazi yangu ni ya kuzunguka, leo nipo kwenye bucha za mjini, kesho nipo ng'ambo ya bonde kwenye maduka ya kando ya barabara. Kule bondeni simu haishiki kabisa. Ukishateremka mlima, simu yako inabaki ya kuangalizia saa.

Ndiyo nikaingia kwenye mambo ya redio. Si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ni ya kuongea na kusikiliza. Unafanya mtihani, unapewa leseni na jina la hewani lenye herufi na namba, halafu unapiga stori na wenzako wa karibu na wa ng'ambo ya bahari, kwa kupenda tu. Hakuna vocha, hakuna bando.

Niliifunga kwenye gari kwa mikono yangu. Waya nikauvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi pale pale chini ya boneti. Antena nikaisimamisha katikati ya paa. Siku ya kwanza nilipowasha injini redio ikalia wiii kama mbu, nikikanyaga mafuta nayo inapandisha sauti. Jumamosi yangu nzima iliishia hapo, hadi nilipokwangua rangi ya bodi na kubana waya kwenye chuma kitupu. Ikanyamaza.

Nilijiona profesa.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Redio yenyewe niliifunga chini ya dashibodi upande wa abiria, ili magoti yangu yapumue. Kulabu ya kutundikia maiki nikasema nitaifunga kesho, kwa hiyo maiki ikawa inalala kwenye kiti cha abiria.

Halafu redio hizi zina ulinzi. Ukibonyeza kitufe cha kuongea ukapitiliza, inakukata yenyewe. Ulinzi huo niliuzima, maana ulikuwa unanikata stori ikiwa imenoga.

"Hiyo kulabu utaifunga lini?" mke wangu alikuwa anauliza.

"Kesho."

"Kesho yako hiyo imeshaota ndevu."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, ya kukaribia. Na mama yake, mkunga mstaafu, tangu nimuoe binti yake alikuwa hajakanyaga kwetu. Siku ya harusi alinipa ncha za vidole, basi. Sikuwahi kujua nimemkosea nini.

Ghafla akatuma ujumbe kwamba anakuja kutazama nyumba na mwenye nyumba. Akiridhika, atakaa amsaidie binti yake hadi ajifungue. Asiporidhika, anaondoka naye akajifungulie kwake, safari ya basi usiku kucha.

Nikamuuliza mke wangu, "Na wewe utakubali kwenda?"

"Sikufichi, naogopa kuzaa," akasema. "Alipo mama ndipo nitakapozalia. Kwa hiyo nenda kampokee vizuri."

Nikaelewa. Nikivuruga siku ile, mtoto wangu wa kwanza ningekuja kusimuliwa habari zake kwa simu, kama matokeo ya mpira.

Kesho yake asubuhi nipo stendi, gari nimeliosha, kiti cha nyuma nimekitandikia shuka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Basi, hakuna la ziada. Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote. Akaangalia lile shuka.

"Nyuma kunanipa kichefuchefu," akasema. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa, akakusanya gauni lake na kupakata mkoba.

Maiki sikuikumbuka kabisa.

Tukaondoka. Redio kimya. Kwa kawaida saa zile kijiwe chetu cha hewani kinakuwa kimechangamka, Mwalimu akiwa ndiye msimamizi. Huyo ni mzee mmoja mstaafu tunayemwita hivyo kwa sababu hata salamu yako anaisahihisha. Nikamshukuru Mungu kwamba leo wamepumzika.

"Hiki ni nini?" Mama akaonyesha redio kwa kidevu.

"Ni redio ya mawasiliano, Mama. Ya kazi tu. Mimi si muongeaji sana."

"Binti yangu anasema kila jioni unaongea humo. Unaongea na nani?"

"Aah, wazee fulani tu, Mama. Hawana kazi za kufanya, nawasaidia kupitisha muda."

Akaguna. Mimi nikaendelea kujipaka rangi. Nikasema sipotezi muda, sipendi vijiwe, nyumbani nafika mapema. Na redio nayo imetulia, haiingilii. Nikaona leo mambo yananyooka.

Tulipoanza kuteremka bondeni, njia ya kwenda kwetu, ndipo macho yangu yakagonga taa ndogo pembeni ya goti lake.

Nyekundu.

Ndugu zangu, redio hizi zina sheria moja: ukiwa unarusha sauti, taa inakuwa nyekundu, na wewe husikii mtu yeyote. Kile kimya hakikuwa cha wenzangu kupumzika. Walikuwa wamenyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika hewa tangu stendi. Mama mkwe alikuwa amekalia kitufe.

Jasho likanitoka hadi kwenye nyayo.

Utasema, si uizime? Kuizima lazima upeleke mkono kwenye magoti ya mama mkwe. Nani ana mikono ya hivyo? Kuvuta maiki ndiyo kabisa, usifikirie. Na kumwambia kwamba kila tulichosema kimesikika mji mzima, siku anayokuja kunipima?

Nikajaribu kwa mbali. "Mama, umekaa vizuri?"

"Nimekaa vizuri."

"Kama kiti kinaumiza, unaweza kusogea kidogo."

"Kijana, nimekwambia nimekaa vizuri."

Mbele kulikuwa na tuta. Nikalipanda kwa kasi makusudi, labda atanyanyuka. Alinyanyuka kweli, taa ikazima, nikapumua. Akarudi pale pale, na taa ikawaka tena.

"Hili gari unaliendesha au unalipepeta?" akauliza.

Ikabaki njia moja, ile fyuzi ya chini ya boneti. Nikaegesha kando.

"Samahani Mama, injini imechemka. Natazama mara moja."

"Tazama."

Nikachukua redio yangu ndogo ya mkononi iliyokuwa mlangoni, nikafungua boneti, nikajificha nyuma yake. Ile ya mkononi nilipoiwasha ilipiga mluzi mkali, nikaipunguza haraka na kuibana sikioni. Vidole vyangu vikaishika fyuzi.

Nikamsikia. Kutoka kwenye ile redio ndogo, sauti ya mama mkwe, safi kabisa. Nikachungulia kwenye uwazi wa boneti. Ameweka simu sikioni.

"Haloo, mdogo wangu. Ndiyo, niko naye njiani."

Vuta fyuzi wewe, nikajiambia. Vidole vikagoma.

"Si mtu mbaya. Anafanya kazi, hanuki pombe, gari lake safi ingawa amelijaza nyaya. Hapana, sina chuki naye. Kinachoniuma ni kimoja. Huyu kijana anaongea na watu asiowajua hata sura. Juzi, binti yangu ananiambia, alikuwa anamuuliza mtu wa ng'ambo ya bahari hali ya hewa ya kwao. Hali ya hewa, mdogo wangu. Mimi nimemzalia mke, na tangu amchukue hajanipigia siku moja kuniuliza nimeamkaje."



"Mwaka juzi nilivyougua mguu, binti yangu ndiye aliyepiga. Yeye nilikuwa namsikia kwa nyuma, anasema, 'Msalimie.' Nikajua ananidharau. Ila leo nimemwangalia vizuri, naona ananiogopa tu. Sasa mtu anayekuogopa utamchukiaje? Hapana, sitamwambia. Mkwe hasemwi usoni. Haya, nakata. Boneti liko juu muda mrefu, na hili gari halijachemka hata kidogo."

Nikavuta fyuzi. Nimechelewa, najua.

Nilisimama pale na fyuzi mkononi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Siyo ya kusikika hewani, hiyo niliisahau. Ile "msalimie" niliikumbuka vizuri sana. Nilikuwa nimeisema nikiwa nimeshika maiki, nasubiri mtu wa nchi ya mbali anijibu.

Nikafunga boneti, nikarudi kwenye usukani. Tulikwenda kidogo hadi nikapata ujasiri.

"Mama, ule mguu unaendeleaje siku hizi?"

Akageukia dirishani. Nikadhani nimeharibu.

"Ni huu wa kushoto," akasema. "Baridi ikiingia hauniachi nilale."

"Unaufanyia nini?"

Akaanza kunieleza. Kutoka kwenye mguu tukaingia kwenye kuku wake, kutoka kwenye kuku tukaingia kwa mwenye nyumba jirani aliyehamisha uzio. Tulipofika nyumbani alikuwa hajamaliza, ikabidi tukae garini hadi uzio urudi mahali pake. Mke wangu alisimama mlangoni ameshika kiuno, haamini anachokiona.

Mama akashuka, akatazama nyumba juu hadi chini.

"Chumba changu ni kipi?" akauliza.

Mke wangu alilia. Na mimi nilisaidia kulia kidogo, kwa kisingizio cha kubeba mizigo.

Walipoingia ndani nikarudisha fyuzi, nikaichukua ile maiki, ya moto bado, nikaomba radhi hewani kwa niliyowafanyia.

"Sisi wazee tusio na kazi tumekupokea," Mwalimu akajibu. Nikafumba macho. "Ila nikwambie kitu. Tulisubiri mpaka ukaachia hewa. Halafu mmoja wetu akaaga, anasema anakwenda kumpigia mama mkwe wake. Akafuata wa pili. Mpaka sasa kijiweni nimebaki mwenyewe, na mimi nilikuwa natafuta namba."

Jioni tukakaa mezani. Mama anakula kwetu kwa mara ya kwanza, mke wangu anatabasamu kama aliyeshinda kesi, na mimi furaha ikanilegeza mdomo.

"Mama mdogo naye hajambo," nikasema. "Mama ameongea naye njiani kwa simu."

"Njiani wapi?" mke wangu akauliza.

"Pale bondeni, nilipo..."

Nikakwama. Mke wangu akashusha kijiko taratibu.

"Bondeni simu inashika tangu lini?"

Nikamgeukia mama mkwe. Anatafuna zake, hana haraka. Akameza, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Kituo changu cha afya hakikuwa na simu," akasema. "Kilikuwa na redio moja ukutani. Mzazi akizidiwa, mimi ndiye niliyekuwa naita gari la wagonjwa. Taa nyekundu ninaijua tangu wewe unatambaa, mwanangu."

"Mama," nikasema, "kwa hiyo ulijua umeikalia?"

"Tangu stendi. Nilikuwa nasubiri uniambie. Nikaona unahangaika, mara nisogee, mara tuta, mara injini imechemka. Ulipotoka na kile kiredio nikasema haya, nami nitumie nafasi. Yale maneno nisingeweza kukwambia uso kwa uso, na wewe usingeweza kuyasikia."

Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo, tukaogopa mtoto atatoka palepale.

"Wodini nilikuwa nawaambia kila siku," Mama akamalizia, "mficha uchi hazai. Ungesema tu, 'Mama, umekalia maiki.' Ningenyanyuka. Na kesho ukaifunge hiyo kulabu, safari nyingine atakalia asiyejua."

Niliifunga palepale, kabla hata sijanawa mikono.

Siku uchungu ulipoanza, nilikuwa kule bondeni kusikoshika simu, kichwa kimezama ndani ya friji ya bucha. Kwenye gari redio ikaita. Ni Mama, kwenye redio ya akiba niliyoifunga sebuleni. Ilikuwa dharura, kwa hiyo msinichongee kwamba hana leseni. Alisema polepole, mara mbili, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, kisha akaachia kitufe anisubiri nijibu.

Nilifika mtoto bado hajatoka. Sauti yake ya kwanza niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nje ya mlango, bila redio yoyote.

Ni wa kike. Na bibi yake sasa hivi anasomea mtihani wa leseni, ananiuliza maswali mengine hadi najificha chooni.

Nimewaandikia haya kwa sababu najua wengi wenu mna makundi ya simu yenye watu mia, na salamu za asubuhi mnawatumia wote. Mpigie mkwe wako. Mpigie leo, umuulize mguu unaendeleaje. Usingoje mpaka akukalie maiki.