Farasi wa Kwenye Simu

Muuza dawa za mifugo pale Kwa Sadala alisema "Shikamoo, mama" bila kuinua macho kwenye simu. Mama aliyeshuka kutoka mlimani, kanga yake imejaa vipande vya majani, aliitikia marahaba, kisha akaweka kiganja kwenye ubavu wake wa kushoto. "Ng'ombe wangu amevimba hapa. Amekula majani yenye umande."

"Nipe dakika mbili, mama. Namzoesha farasi."

Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nilidhani sikusikia vizuri. Nikachungulia. Mwanaume mzima mwenye ndevu, ambaye babu yake alilala nyumba moja na ng'ombe, alikuwa anamlisha karoti farasi wa kwenye gemu! Akatueleza bila kuulizwa kwamba farasi huyo ni wa porini, ukimpanda anakutupa, umbembeleze mpaka akuzoee, na ukimwacha kidogo tu fisi wanamla. "Nimehangaika naye tangu jana."

"Wangu nina miaka sita naye," mama akasema.

Kidole kikaendelea kugonga kioo. Sisi wa nyuma tulisonya, mimi kuliko wote, lakini hakuna aliyethubutu kumnyang'anya ile simu.

"Utajuaje akiwa na shida?" mama akauliza, kwa upole ulioniudhi.

Jamaa akafurahi, akamgeuzia kioo. "Unaona huu mstari mwekundu juu ya kichwa? Ndiyo uhai wake. Ukipungua tu, namkimbilia."

Mama akautazama kwa makini.

"Ng'ombe wangu hana mstari," akasema. "Ana mimi tu, na mimi niko hapa nakungoja."

Dawa yenyewe ilikuwa rafuni, nyuma ya kisogo cha jamaa. Hakuhitaji hata kusimama.