Kikombe cha Mubirizi Siku ya Wakwe

Nacheka sasa, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia nikajifukia mwenyewe. Mimi na mke wangu, Mama Aline, wote tuna ugonjwa wa sukari, na yeye alikuwa amekunywa mubirizi juma zima (yale majani machungu ya kushusha sukari, hata mbuzi huyapa kisogo), nusu kikombe kila asubuhi, na mashine ikawa inaonyesha sukari yake haijatikisika. Nikasema kumbe ni maji tu. Basi asubuhi ile wakwe wanakuja kwetu Keshero kumposa binti yetu Aline, nami sijatia kitu tumboni, nikajimiminia kikombe kizima.

"Papa Aline, kula kwanza," mke wangu akasema.

"Kama haikukuangusha weye mwanamuke, itaniangusha miye?"

Wakwe wakafika kutoka Masisi, kijana na wazazi wake, watu wa kanisa, pombe hawaigusi. Nanyi mnajua desturi: upande wa msichana lazima ujifanye hauwajui wageni, ndipo wabembeleze. Nikasimama, jasho linanitoka, nikauliza, "Nyinyi ni banani?" Wakacheka, wakapiga makofi. Nikauliza tena, na tena, na mara ya nne hakucheka mtu, maana kweli sikuwa nawajua, hata Aline mwenyewe nilimuuliza ni mutoto wa nani, kisha miguu ikanikana nikakaa pwaa mapajani pa mama wa kijana.

"Huyu muzee amelewa!" baba wa kijana akasema, akavaa kofia yake. "Hatuwezi kuoa ku nyumba ya mulevi. Twende!"

Aline akaanza kulia. Kilio kile nakikumbuka vizuri kuliko yote, na bado kinaniuma.

Aliyeniokoa ni yule yule niliyemkalia. Alininusa mdomo mbele ya watu wote (aibu gani hiyo!), akapaza sauti: "Haiko pombe, ni mubirizi! Mulete sukre, mbio!" Kisha akamgeukia mumewe. "Na weye, umesahau? Tulikunywa wote wawili, miye sikusikia kitu, weye ukaanguka mbele ya kanisa nzima."

Mzee akavua kofia pole pole. Nilipomaliza soda ya pili (kwetu sukre ndiyo soda) na akili kunirudia, nikamkuta amekaa karibu yangu.

"Na weye pia ulisema ni maji tu, kama miye?" akaninong'oneza.

Aline ameolewa, Mungu ashukuriwe. Muuguzi aliniambia sumu ya mmea haiingii mwili wa mume na wa mke kwa namna moja, nami nimeapa: mwili wa Mama Aline sitaufanya tena kipimo cha wangu. Ila kila nikifika Masisi, mama wa kijana hunionyesha kiti changu kabla hata hajanisalimu.