Bassin ya Marehemu

Yule bwana mwenye bassin amefariki, na tangu Jumanne sina mahali pa kujificha. Nikienda sokoni naambiwa alikuwa mtu wa usafi. Nikienda kanisani naambiwa hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mwalimu, alifika nyumbani kuniomba nimuage baba yake kwa maneno mazuri katika safu hii, kwa kuwa tulifahamiana na kwa kuwa wasomaji wangu wamezoea kuniona nikiwaaga watu wema. Nilimwambia nitaandika. Sikumwahidi kwamba yatakuwa mazuri. Msomaji mwenye moyo mwepesi na afungue ukurasa wa michezo, maana leo nina hasira, na ni hasira ya miaka mingi.

Marehemu alikuwa mkuu wa mitambo ya kusafisha maji ya mji wetu wa Kamina. Nyumba aliyopewa ilijengwa na Wabelgiji, na nyuma yake kulikuwa na hiyo bassin, kibwawa cha kuogea cha vigae vyeupe, kinachotosha familia kukaa ndani mpaka mabegani. Daktari alimwambia maji ya moto yatamsaidia mgongo, naye akaweka pipa la chuma juu ya jiko la kuni na kuvuta bomba hadi kwenye kibwawa. Mgongo ulimuuma kweli, hilo silikatai. Jumamosi moja, kabla vita havijatufikia, alinialika nikaone. Nilidhani nitaoga, kumbe nimeitwa darasani. Kwanza unajisugua kwa sabuni pembeni, alisema, kwa sababu jasho na mafuta ya mwili ndiyo yanayoleta povu. Unaopoa majani, unafua kitambaa cha kuchujia, unachovya kikaratasi cha kupimia maji na kusoma rangi yake. Maji yakiwa makali unatia magadi kidogo, yakizidi upande wa pili unatia asidi kwa uangalifu. Halafu klorini. Hapo alisimama akanitazama kama mwanafunzi mzito wa kuelewa. Maji ya moto yanakula klorini, akaniambia. Uliyotia asubuhi, jioni haipo tena, na bila kutia kila mara maji yanageuka rangi ya majani. Nilirudi kwangu mkavu, lakini somo nililishika.

Vilipokuja vile vita vya pili, mwishoni mwa miaka ya tisini, watu wa Kinkondja, kule ziwani, na wa vijiji vya Kabondo-Dianda walikimbilia kwetu na vyungu na mikeka yao, wakalala kwenye madarasa na katika ukumbi wa kanisa. Umeme ukakatika, pampu zikanyamaza, mji mzima ukarudi visimani. Marehemu akahamisha mapipa ya unga wa klorini kutoka kazini hadi nyumbani kwake ili askari wasiyaibe, nasi tukamsifu kwa busara yake. Siku zile kila mwenye akili alificha nyumbani kitu cha serikali, na wengine walikirudisha. Kipindupindu kilipoingia ukumbini, kamati ya kanisa ilimuuliza kama unga umebaki. Naye alikuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo, amekaa pale na shati lake jeupe lililopigwa pasi. Akajibu kwamba umekwisha. Nani angembishia? Mambo ya maji mtaalamu wetu alikuwa yeye.

Aliyemfichua ni mama mmoja mkaushaji samaki kutoka Kinkondja. Alikuwa amekuja na wanawake wenzake kwenye sala ya kanisa, ambayo siku zile ilifanyika nyumbani kwa marehemu, nami nilikuwepo. Sala ilipokwisha, mama yule hakuinuka. Alikuwa amegeuza uso kuelekea nyuma ya nyumba, ananusa. Watu wa ziwani wameishi na kipindupindu tangu utoto wao, na harufu ya dawa ile wanaijua kuliko sisi tunaojiita watu wa shule. Akasema kwa adabu kabisa, mikono imeshikana mbele:

"Tata, hapa kwako iko dawa. Njo ile banatiaka mu maji kule kwetu wakati wa kolera. Utupatieko kidogo, tutie mu kisima. Dada yangu ameanza kuhara."

Marehemu hakuona haya. Alitabasamu kama anavyotabasamu mtu anayeombwa kitu na mwingine asiyejua thamani yake.

"Ile njo ya bassin, mama. Nikikupa, maji yangu itaharibika, na kuirudisha iko kazi mingi. Mukuwe munachemsha maji."

Wachemshe kwa kuni gani? Kuni za sokoni zilikuwa zinaishia chini ya pipa lake. Wazee wa kanisa walipokwenda kumsihi alibadili maneno, akasema unga ule umeshapoteza nguvu na haufai kwa kisima cha watu. Ukafaa kwa bassin, ambayo iling'aa mpaka chini. Kisha akaomba sala zihamishiwe nyumba nyingine, kwa kuwa wageni walikuwa wanakanyaga bustani. Dada wa yule mama alikufa kabla ya Jumapili, na hakuwa wa mwisho kutolewa katika ukumbi ule.

Nimejiuliza mara nyingi mtu aliyesoma, aliyebatizwa, aliyejua hasa unga ule unafanya nini ndani ya maji, aliwezaje. Na jibu linanichukiza kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Sisi wa familia za makarani na walimu tulilelewa tukiamini kwamba usafi ni wetu. Tulifundishwa kukata kucha na kupiga pasi, tukafundishana wenyewe kuwadharau wanaonuka samaki. Kipindupindu tukakiita ugonjwa wa watu wa ziwani, kana kwamba wameubeba kwenye vikapu vyao kwa makusudi. Mtu akishaamini hivyo, kuipa bassin yake klorini na kumnyima mgonjwa anaona ni utaratibu mzuri wa nyumba. Ndiyo maana wiki hii mji unamsifu bila kusitasita. Unajisifu wenyewe.

Juzi nilikwenda kwenye kilio. Kwaya iliimba vizuri, wakubwa wakashika maikrofoni mmoja baada ya mwingine, na usafi wa marehemu ukasemwa mpaka nikachoka kukaa. Ndipo akasimama mama yule wa Kinkondja. Hakurudi kwao baada ya vita, anauza samaki hapa hapa Kamina, na nywele zake sasa ni nyeupe. Alieleza kwa kifupi habari ya unga na ya dada yake. Mwenye kuongoza ratiba akamsogelea, akamwambia polepole kwamba hapa tumekuja kumlilia mtu mmoja tu, tafadhali aketi.

"Na minyi nilikuja kulia," akasema. "Dada yangu balimuzika mbio, balitukataza kilio, basema kolera itaambukiza bantu. Leo njo namulilia. Namulilia hapa, kwenye dawa ilikuwa."

Akaketi chini palepale alipokuwa amesimama, akalia kwa sauti, na kwaya haikupata namna ya kumfunika. Wanawake wawili wa soko walikuja kukaa naye. Mwana wa marehemu alinitazama, nadhani akitaka niinuke niseme neno la kutuliza watu. Sikuinuka. Somo langu leo ni kwenu mtakaoalikwa kilio cha mkubwa mwingine: mkimsikia mtu anamlilia marehemu asiye wa ratiba, msimnyamazishe. Muulizeni anamlilia nani, na mngoje mpaka amalize.